Maji, choo, takataka na kanivo Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ofisi zimegawana kazi: maji huku, umeme kule, takataka kwingine. Udongo wa parseli haukugawanywa hivyo. Kinachomwagwa nyuma ya jiko leo kinaweza kuingia kisimani mwa jirani baada ya mvua chache. Kwa hiyo majibu haya yanafuata njia ya maji yenyewe, toka kwenye bomba hadi kwenye kanivo, yaani mfereji wa maji kando ya barabara. Mambo ya pesa na barua yako mwishoni.

Maji hayatoki. Nimwendee burugumesta?

Kwa maji ya bomba, hapana. REGIDESO ni kampuni ya Serikali ya taifa, imekuwepo tangu 1939, na burugumesta, mkuu wa komini, hana ufunguo hata mmoja wa valvu zake. SNEL ni vilevile kwa umeme. Sheria ya maji namba 15/026 ya 31 Desemba 2015 iliyapa majimbo, miji na komini sauti katika huduma ya maji na kuwafungulia mlango waendeshaji wengine, lakini mabomba ya mjini yamebaki kwa REGIDESO. Bomba likipasuka barabarani, nenda kwenye ofisi yao iliyo karibu ukiwa na mambo matatu: avenyu, namba ya parseli inayotazamana na pale maji yanapotoka, na siku uliyoyaona mara ya kwanza. Ukisema tu "maji yanamwagika Katuba" hakuna fundi atakayeinua koleo.

Kanivo na barabara kubwa za mji ni kazi ya OVD, ofisi ya Serikali ya barabara na mifereji. Usafi wa masoko ya komini, vijia vya ndani ya kartie, madampo madogo ya mtaani na mambo ya afya ya jirani na jirani ndiyo ya komini. Lubumbashi ina komini 7: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Kila moja ina haki zake kisheria na bajeti yake. Kartie haina. Shefu wa kartie si mtu wa kudaiwa pesa ya kuzoa takataka, ila ni shahidi mzuri sana, na muhuri wake una kazi, kama utakavyoona mwishoni.

Mbona umeme ukikatika na maji yanakatika?

Kwa sababu maji yanapandishwa kwenye matangi kwa pompi za umeme. Pompi zikisimama, mji unaishi kwa kile kilichobaki tangini. Maji yanapanda mita 10 kwa kila bari moja ya msukumo, kwa hiyo msukumo ukishuka walio sehemu za juu hukauka wa kwanza na kupata wa mwisho. Umeme ukirudi saa kumi na moja alfajiri, wa mabondeni watachota kabla yako. Hakuna anayewapendelea.

Weka akiba kwa hesabu: lita 20 kwa mtu kwa siku ni kidogo lakini inatosha kupika, kunywa na kuoga kwa kujibana. Watu 8 ni bidoni 8 za lita 20 kwa siku. Siku mbili, bidoni 16. Zifunikwe, zisikae juani, na bidoni iliyowahi kubeba mazuti au asidi ya betri isirudi tena kwenye maji ya kunywa hata ukiisugua kwa mchanga mwezi mzima.

Maji yanaporudi yanakuwa mekundu au yana harufu. Ni kutu tu?

Kutu ipo, lakini hatari ni nyingine. Bomba likiwa tupu halisukumi tena maji nje, linavuta. Mahali penye ufa, au pale bomba la plastiki la mteja limepitishwa ndani ya kanivo (tembea avenyu yako utaona mengi), maji machafu yanaingia. Yale ya kwanza kutoka ndiyo yaliyobeba uchafu huo. Fungua robine ya nje, acha yatoke mpaka yawe meupe kabisa, tumia ya mwanzo kumwagia choo. Ya kunywa yatie javeli (dawa ya maji yenye klorini) au yachemshe siku hiyo na inayofuata.

Naweza kufunga pompi yangu moja kwa moja kwenye bomba ili nivute zaidi?

Usifanye. Pompi hiyo inaongeza uvutaji tuliosema hapo juu: unakunywa kanivo ya jirani, na jirani anabaki na hewa. Weka tangi la chini, acha bomba lilijaze lenyewe usiku, kisha pompi ivute kutoka tangini kwenda juu. Gharama ni tangi moja la ziada.

Faktiri imepanda na hatujaongeza matumizi.

Kabla ya kugombana dirishani, soma kontere. Tarakimu nyeusi ni mita za ujazo, na ndizo zinazolipiwa. Nyekundu ni sehemu ndogo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, bidoni 50. Usiku, wakati maji yapo, funga robine zote, andika namba na nyekundu zake, lala. Asubuhi kabla mtu hajachota, soma tena. Namba ikiwa imesogea, maji yanatoka ndani ya parseli yako, na deni ni lako.

Uvujaji mdogo unadanganya macho. Robine inayojaza kikombe cha lita moja kwa dakika 5 inapoteza lita 12 kwa saa, lita 288 kwa siku, zaidi ya mita 8 na nusu za ujazo kwa mwezi. Hizo ni bidoni 430 hivi, na kinachokosekana ni mpira wa robine tu. Tanki la choo cha kuvuta ni mwizi mwingine: tia rangi kidogo tangini (hata chai ya rangi nzito inafaa), subiri nusu saa bila kuvuta, ukiiona bakulini basi valvu haifungi.

Namba isiposogea, hapo sasa una hoja. Peleka picha ya kontere yenye tarehe pamoja na faktiri tatu za mwisho. Kama faktiri imeandikwa kwa makadirio na wewe una kontere inayofanya kazi, omba msomaji aje asome ukiwepo.

Kisima changu kiwe mbali kiasi gani na choo?

Mita 30 ndicho kipimo cha kutulia nacho. Chini ya mita 15 ni kamari. Tena chini ya shimo la choo pabaki angalau mita 1.5 za udongo mkavu kabla ya kufikia maji ya ardhini.

Sasa chukua parseli ya mita 15 kwa 20. Kona hadi kona ni mita 25. Hata ukiweka choo kona hii na kisima kona ile, mita 30 hazipatikani, na hujahesabu choo cha jirani wa nyuma ambacho kiko mita 3 toka ukutani kwako. Hapo mazungumzo ya kweli ni ya majirani wanne, si ya mtu mmoja na fundi wake: kukubaliana visima vikae upande mmoja na vyoo upande mwingine, au kuchimba kisima kimoja kizuri cha pamoja na kufukia vingine. Ni vigumu kukubaliana, tunajua. Ila hakuna kemikali inayoongeza ukubwa wa parseli.

Udongo nao una neno. Katika mchanga na mawe yenye nyufa maji machafu yanakwenda mbali na upesi, wakati udongo wa mfinyanzi unayachelewesha. Mwisho wa masika, maji ya ardhini yanapokuwa juu, choo kilichokuwa kikavu Septemba kinaweza kuwa kinaogelea. Pima kina cha maji kisimani Machi, si Septemba.

Kama kisima kipo tayari na hakisogei, kijengee mdomo wa sentimita 60 au zaidi juu ya ardhi, sakafu ya saruji ya mita moja kuzunguka yenye mteremko, mfereji wa kutoa maji yaliyomwagika mita 3 au 4 mbali, na mfuniko. Ndoo iwe moja tu, ya kisima, inatundikwa. Visima vingi havichafuliwi na choo bali na kamba iliyolala kwenye tope.

Kisima kimeingiwa na maji ya mafuriko. Nakisafishaje?

Kwanza vuta maji yote unayoweza, sugua kuta, acha kijae upya. Kisha pima. Tuseme upana toka ukuta hadi ukuta ni mita 1.2, na kamba yenye jiwe imelowa mita 2. Ujazo ni 1.2 × 1.2 × 0.785 × 2, yaani mita za ujazo 2.26, lita 2,260. Unahitaji miligramu 50 za klorini kwa kila lita: gramu 113. HTH (unga wa klorini wa dukani) ya asilimia 65 si klorini tupu, kwa hiyo gawanya kwa 0.65, unapata gramu 174. Pima 175 kwa mizani. Kijiko kinapotosha, kwa sababu punje za unga huu hazilingani.

Jaza ndoo ya plastiki maji lita 10, ndipo utie unga, kamwe usianze na unga. Nje, pasipo moto, macho yamelindwa. Koroga kwa fimbo, acha mashapo yatulie, mimina ya juu kisimani ukizungusha kwenye kuta. Tumbukiza na kuvuta ndoo ya kisima mara kadhaa ili dawa ichanganyike na ndoo yenyewe isafike. Funika saa 12 bila mtu kuchota. Kesho vuta na kumwaga mpaka harufu ibaki hafifu. Maji hayo yasiende kwenye bustani wala bwawa la samaki.

Yanayoharibika: HTH iliyokaa wazi dukani imekwisha nguvu, kuchanganya na sabuni au asidi kunatoa gesi ya kuua, na dawa haina maana kama mdomo wa kisima haujatengenezwa, kwani mvua inayofuata inarudisha yote.

Jambo moja lisilo na mjadala: mtu asishuke kisimani peke yake, na motopompi ya petroli isishushwe ndani. Moshi wake hauonekani chini kule, na anayeshuka kumwokoa wa kwanza ndiye huwa maiti wa pili.

Javeli kiasi gani kwa bidoni la lita 20?

Soma asilimia kwenye chupa. Ya asilimia 1: mililita 4. Ya 2.6: mililita 2. Ya 5: mililita 1. Sindano ya famasi bila ncha inapima vizuri kuliko kifuniko. Tikisa, subiri dakika 30. Harufu hafifu ya klorini ibaki. Isipokuwepo, rudia kipimo kilekile mara moja. Maji ya tope chuja kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, na weka dozi mara mbili. Javeli yenye manukato au rangi ni ya sakafu.

Kisima kiko karibu na mahali wanapoosha mawe ya shaba na kobalti. Nikichemsha inatosha?

Hapana, na hapa watu wengi wa mji huu wanajidanganya. Kuchemsha na klorini vinaua vijidudu, haviondoi madini. Tena kuchemsha kunapunguza maji na kuacha madini yaleyale. Maji hayo yabaki ya kufulia na kujenga. Ya kunywa na kupikia mtoto yatoke kwingine mpaka maabara iyapime metali. Mwambie fundi wa maabara wazi kwamba unataka metali, maana kipimo cha kawaida kinatafuta vijidudu tu.

Maji ya foraji (kisima kirefu cha bomba) yanayotoka meupe kisha yanakuwa mekundu tangini ni habari nyingine: ni chuma kilichokutana na hewa. Yaache yaanguke toka juu kama mvua ndani ya tangi la kwanza, yalale usiku, kisha yapite kwenye mchanga kabla ya tangi la pili. Mchanga huo unaoshwa kila unapoziba.

Maji ya mvua yanafaa?

Sana, toka Novemba hadi Machi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Malata ya mita 6 kwa 8 yakipata mvua ya milimita 20 yanatoa lita 960 na, ukitoa zinazopotea, unabaki na 800 hivi. Lita 40 za kwanza zimwage: zimebeba vumbi la Agosti na kinyesi cha ndege. Kama uko upande ambao moshi wa viwanda unatua, mwaga zaidi, na usiyanywe.

Choo kinajaa upesi kuliko walivyosema mafundi.

Shimo la upana wa mita 1 na kina cha mita 3, ukiacha nusu mita juu, lina nafasi ya karibu mita 2 za ujazo. Mtu mmoja anaacha lita 40 hadi 60 za tope kwa mwaka. Familia ya watu 8 ingekaa nalo miaka 4 hadi 6. Likijaa kwa mwaka na nusu, sababu ni mojawapo ya hizi: wapangaji ni 20 si 8, maji ya kuogea yanaingizwa humo, au takataka zinatupwa humo. Sashe (mifuko ya plastiki) na nguo kuukuu ndizo mbaya zaidi, kwa sababu lori la vidanji, la kunyonya vyoo, linavuta kwa mpira usiozidi upana wa kiganja. Ukiziba mara mbili dereva anaondoka na pesa ya safari ameshachukua. Muulize pia anakwenda kumwaga wapi. Anayeita bei nusu ya wenzake huenda anamwaga mtoni, na mto Lubumbashi unaingia Kafubu, ambako watu wanalima mboga tunazokula.

Familia inatoa takataka kiasi gani?

Kadiria nusu kilo kwa mtu kwa siku. Watu 8, kilo 4, zinazojaza ndoo ya lita 20 kwa siku moja na nusu. Ukimwaga ndoo hiyo chini utaona sehemu kubwa ni maganda, mabua ya sombe, majani ya mahindi, majivu ya makala na vumbi la kufagia. Plastiki ni nyepesi ila ndiyo inayoonekana na ndiyo inayoziba. Kuna dekreti namba 17/018 ya 30 Desemba 2017 inayokataza sashe. Nenda soko lolote uone inavyoheshimiwa.

Tenga ndoo mbili: vinavyooza na visivyooza. Ukifanya hivyo tu, mtu wa pusipusi (mkokoteni wa takataka) unamhitaji mara moja kwa wiki badala ya tatu.

Mtu wa pusipusi nimwamini vipi?

Muulize kituo anachopeleka mzigo, kisha siku moja mfuate. Hakuna njia nyingine. Mlipe kwa wiki baada ya kazi, si kwa mwezi kabla. Majirani 10 wakikubaliana siku na saa moja, ana mzigo kamili na hana sababu ya kuumwaga kwenye kona ya kwanza yenye giza.

Naweza kuchoma?

Majani makavu, yanaungua. Plastiki, betri, nyaya na dawa zilizoisha muda, hapana: moshi wake ni sumu na majivu yake yanarudi kisimani. Kufukia plastiki uani si suluhisho pia. Atakayechimba choo kipya baada yako ataikuta.

Vinavyooza nivifanyie nini?

Lundo la mita moja kila upande, si dogo zaidi, maana dogo halipati joto. Tabaka za vikavu mara mbili ya vibichi. Lowesha mpaka ukikamua mkononi litoke tone moja au mawili. Geuza kila siku 10. Baada ya miezi 2 au 3 ni udongo mweusi wa bustani. Likinuka, limelowa mno: ongeza vikavu, geuza. Likikaa baridi, ni kavu au dogo. Majivu ya makala kidogo tu, kopo moja kwa ndoo kadhaa. Yakizidi yanaunguza mimea. Nyama na mafuta yanaita panya.

Salongo (kazi ya pamoja ya usafi) tunafanya, kanivo inaziba tena. Kwa nini?

Tope linatolewa na kuachwa ukingoni. Mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani. Kazi ya kanivo imekamilika pale lori au pusipusi linapoondoka na tope, kwa hiyo usafiri utafutwe kabla ya koleo. Fanyeni kuanzia chini kwenda juu, toka maji yanapotokea, la sivyo mnajaza sehemu ya jirani. Na mfanye Oktoba, kabla ya mvua. Madaraja madogo ya saruji mbele ya mageti ndiyo vizuizi vikuu: yawe na kifuniko kinachoinuliwa, si saruji iliyomwagwa moja kwa moja.

Amekuja mtu mwenye jile na kitabu cha risiti anadai pesa ya usafi. Nilipe?

Mwombe barua ya kutumwa kazi yenye jina lake, na hati ya madai inayotaja taksi (kodi), kiasi na akaunti ya kulipia. Ordonansi-sheria namba 18/004 ya 13 Machi 2018 ndiyo inayoorodhesha taksi ambazo jimbo, mji na komini wanaruhusiwa kutoza. Isiyo na jina humo haitozwi. Lipa benki, hifadhi kitansi. Anayesema "nipe nusu tuyamalize" amekwisha kukujibu.

Kwa nini komini moja inatengeneza barabara na jirani yake inalia?

Angalia mgodi uko wapi. Kodi ya madini, kufuatana na sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, inagawanywa hivi: asilimia 50 Serikali kuu, 25 jimbo, 15 eneo la mgodi (komini, sekta au utemi), 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Komini isiyo na mgodi haipati hiyo 15. Inabaki na taksi za soko na mgawo wake wa mapato ya taifa, ambao katiba na sheria vimeutaja vizuri lakini kufika ni jambo jingine. Mkazi ana haki ya kuuliza 15 hiyo imetumika wapi. Uliza kwa mwaka na kwa kazi, "kanivo ya avenyu fulani iligharimu ngapi", usiulize kwa ujumla.

Niandike barua gani ili isitupwe?

Ukurasa mmoja, tatizo moja. Dampo na kanivo katika barua moja vinaipeleka kwenye madawati mawili na hakuna atakayejibu. Taja avenyu, namba za parseli mbili zilizo jirani na tatizo, tangu lini, watu wangapi wanaathirika, na unachoomba kwa kipimo: "lori moja la tani 7 na siku moja", si "mtusaidie". Picha mbili zenye tarehe. Sahihi za wenye parseli na za wapangaji pia, kwani wapangaji ndio wengi. Pitisha kwa shefu wa kartie aweke muhuri.

Nakala tatu: ya burugumesta, ya ofisi ya meya, na yako. Yako isitoke ofisini bila tarehe ya kupokelewa, muhuri na namba ya daftari. Ukirudi baada ya wiki mbili, usiandike barua mpya. Taja namba ile.